Bakoly Alivyoikata Sanda Yake

Ukitaka kugombana na Bakoly, ingia dukani kwake umwambie akushonee makoti mawili yanayofanana. Nimekaa naye kwenye kazi miaka mingi, najua ninachosema. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Antananarivo, ana dereva, ana miwani ya jua na hali hapa kwetu Antsirabe siku hiyo kulikuwa na mawingu mpaka puani. Akajaribu koti, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema, "Nitachukua kumi. Niyaweke dukani kwangu. Yote yawe kama hili."

"Kwani una bibi kumi?" Bakoly akamuuliza.

"Sijakuelewa."

"Hili lilikuwa lamba la Mama Razay wa Betafo, shuka lake la kujitanda mabegani akienda kanisani. Alikuwa mmoja, akajitanda moja. Hayo tisa nimtoe wapi, nimfufue?"

Yule mama akacheka, akidhani ni maneno ya biashara. Alipoona mwenzake hacheki akavua koti, akaondoka na miwani yake. Mimi nilikuwa kwenye kigoda napiga pindo, roho inaniuma, kwa sababu makoti kumi ni mchele wa msimu mzima.

"Umemfukuza mteja," nikamwambia.

"Sikumfukuza. Alikuja kununua kitu ambacho sikiuzi."

Ndivyo alivyo. Jina langu ni Saholy, na kazi yangu kwake ni mishono ya mkono. Yeye ndiye mbunifu, yeye ndiye mwenye mkasi, na yeye ndiye mwenye mdomo. Hashoni kitambaa kipya hata umlipe dhahabu. Anazunguka kwa vikongwe wenye malamba ya zamani ndani ya masanduku, hariri za mistari, pamba nzito za ng'ambo ya mlima, vitambaa vya meza vilivyotariziwa na mabinti ambao sasa ni mabibi. Anakaa nao, anakunywa maji ya ukoko wa wali, anauliza nani alikifuma, nani alikivaa, hapa palichanika vipi. Asipopata majibu, hanunui. Akipata, anakuja nacho dukani anakiinua dirishani akitazame kwenye mwanga, maana hariri kuukuu huanza kufa kwenye mikunjo. Ikikaa sandukuni miaka arobaini imekunjwa vilevile, ukiivuta inaachia mstari mzima. Hapo anakata pembeni ya mkunjo, kinachobaki anakiwekea bitana ya pamba, na mimi nakishona kwa mkono, kwa sababu sindano ya cherehani inaung'ata uzi wa zamani. Ndani ya kola natarizi jina la mwanamke aliyekivaa kwanza. Linatoka gauni ambalo ukilivaa unatembea tofauti, hata kama ulikuja umejikunyata.

Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo mji mkuu. Alishona mkono wa kushoto wa shati. Mkono wa kushoto tu, tangu asubuhi mpaka kengele, shati lenyewe zima hakuwahi kuliona. Ananiambia hilo halikumuudhi sana. Kilichomuudhi kilikuwa nyumbani. Mama yake, marehemu Ranivo, alikuwa mfumaji. Alifuma hariri ya viwavi wa msituni, ile ya rangi ya udongo, ambayo haiozi upesi, na ndiyo maana kwetu sisi imekuwa sanda. Kila familia yenye heshima ilipotaka kuwageuza wafu wake, kuwatoa kaburini na kuwavisha upya, ilipita kwa Ranivo. Basi likizo moja Bakoly anarudi kijijini, wakati wa baridi, anamkuta mama yake kwenye mtambo, vidole vimekufa ganzi, na mwilini amevaa sweta la mtumba lenye picha ya mbwa.

"Mbwa, Saholy!" bado husema mpaka leo. "Hariri yote ya nchi hii iko chini ya ardhi, na aliyeifuma amejifunika mbwa wa Ulaya."

Hakurudi kiwandani.

Bakoly hakuzaa. Aliolewa, mume akaenda zake, mtoto hakuna. Kwetu mtu asiye na mtoto huulizwa swali moja tu, kwa upole au kwa ubaya: nani atakuvisha hariri? Ranivo aliliona hilo mapema. Kabla macho yake hayajazimika alifuma kitambaa cha mwisho, akampa binti yake. "Hiki ni chako," alimwambia. "Usije ukamtegemea mtu." Bakoly akakiweka sandukuni, na alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba ile ilikuwa sanda yake.

Mwaka ninaousimulia, baridi ilianza mapema, na pamoja nayo yakaja maneno. Bonde la tatu kutoka kijijini kwao mlango wa kaburi ulikutwa umevunjwa, wafu wamevuliwa hariri zao. Kwetu hakuna habari inayotisha kama hiyo. Wakati huohuo mtu fulani alimwona mwanamke hapa mjini amevaa koti la hariri ya rangi ya udongo. Watu wakajumlisha wenyewe, na jumla yao ikawa Bakoly.

Asubuhi moja tukamwona Ralaivao mlangoni. Huyu ndiye kaka mkubwa wa marehemu baba yake Bakoly, mkuu wa ukoo, mwenye ufunguo wa kaburi, na msemaji wa hadhara anayekodiwa mpaka kwenye harusi za watu asiowajua. Kofia ya majani, mwavuli mkononi, uso umekunjwa.

"Karibu, Ba'mkubwa, kaa."

"Sikuja kukaa," akasema, akakaa, maana kilima cha kuja kwetu ni kikali. "Watu wanasema."

"Watu wana midomo. Wanasema nini?"

"Wanasema hariri yako inanuka udongo."

Bakoly hakupandisha sauti. "Saholy, hebu lete koti la Mama Vero. Ba'mkubwa, soma jina hapo kwenye kola. Mama Vero anakaa nyuma ya soko, anauza vitunguu. Nenda kamuulize alifukuliwa lini."

Nikauma uzi nisicheke.

"Usinichezee, mtoto wewe. Hata kama umenunua kwa walio hai. Hariri ni ya wafu."

"Nani kasema? Bibi yako aliolewa amejitanda hariri nyekundu. Picha yake iko ukutani kwako, unapita chini yake kila ukienda kula. Wazee wetu waliivaa wakiwa hai, wakaicheza ngoma. Sijui ni nani akaja kutuambia kwamba mtu mpaka afe ndipo apendeze."

"Unanifundisha mila?"

"Nakukumbusha. Mama yangu alifuma mpaka akapofuka. Alivaa nini, Ba'mkubwa? Ulimwona. Ulimwagiza sanda ya babu, ulikuja kuichukua mwenyewe, ukamkuta anatetemeka. Ulimwambia nini?"

Mzee akageuza mwavuli mkononi. Nadhani alikumbuka. Lakini msemaji wa hadhara hana desturi ya kushindwa ndani ya duka la fundi.

"Sikiliza," akasema. "Mwezi ujao tunafungua kaburi. Tunamgeuza baba yako, tunamgeuza mama yako, tunawafunga pamoja katika hariri moja kama wanandoa wanavyostahili. Nitahutubia mbele ya ukoo na wageni. Ama nikusikie umeweka mkasi chini, ama nitasema pale hadharani kwamba kaburi lile halikujui. Na usilete kitambaa chochote. Mikono inayokatakata hariri haitawagusa watu wetu."

"Utanitoa kaburini?"

"Utajitoa mwenyewe. Mtoto huna. Nani atauliza umelala wapi?"

Akafungua mwavuli humuhumu ndani, kwa hasira, akatoka.

Niseme wazi: niliogopa. Kufa tunakufa wote. Lakini kufa ukazikwa pembeni ya barabara, peke yako, watu wako wakageuzwa na kuchezewa ngoma, wewe hapana, huko ndiko kufa kwenyewe. Hata mlevi wa mtaani kwetu, ukimtishia hilo, anaacha pombe kwa wiki nzima.

"Mwombe radhi," nikamwambia. "Shona pamba. Shona vitambaa vya meza. Hariri iache. Mwenye nguvu mpishe, Bakoly."

"Barabara ni pana. Apite pembeni."

"Huyo ana ufunguo!"

"Ana ufunguo wa mlango. Hakunizaa."

Maneno makubwa, lakini kazi yake ya siku zile ilisema mengine. Gauni alilokuwa nalo mezani alilipiga bandi, akalifumua, akalipiga bandi tena, akakata kola mara mbili kimakosa. Nilimkuta mara nyingi anatazama dirishani bila kuona kitu. Nikajua ameanza kulegea, na nasema kweli nilifurahi, nikaanza hata kupanga jinsi tutakavyoshona vitambaa vya meza na kuishi kwa amani na watu.

Basi asubuhi moja akaja na mkeka uliokunjwa, akauweka mezani, akaufungua.

"Shika huku, Saholy."

Nikashika, kisha nikaachia. Hariri ya rangi ya udongo, pembeni mistari myeusi na myekundu iliyokolea, vipande viwili virefu vilivyounganishwa katikati kwa mkono. Mkono wa Ranivo naujua.

"Bakoly, siyo hiyo."

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo ni sanda yako!"

"Wamesema sina pa kuzikwa. Sasa sanda ya nini?"

"Na wakibadili mawazo?"

"Watanikuta nimependeza."

Nilimlaani, nikamsihi, nikamwambia nitaondoka na sitarudi. Akaniambia mlango haujafungwa. Sikuondoka. Akachukua chupa ya pombe ya miwa, akaenda pembe ya kaskazini-mashariki ya chumba, pembe ya wazee, akadondosha kidogo sakafuni. "Mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, "nakata. Ukikasirika niambie mimi, usimwambie Ba'mkubwa." Akasubiri. Nje kulikuwa na mtu anauza maandazi. Hakuna lililotokea, akarudi mezani akashika mkasi.

Mimi nimesikia hariri nyingi ikikatwa. Ile ililia tofauti, au masikio yangu ndiyo yalikuwa na hofu. Kitambaa kilikuwa kizima kabisa, hakina hata mkunjo mmoja uliochoka, kwa sababu kila mwaka Bakoly alikitoa akakikunja upya kwa njia nyingine, kama mama yake alivyomwagiza. Bakoly alikikata kama mtu aliyekwisha kuliona gauni lenyewe. Mikono mipana, kola ya kusimama, mistari inashuka mbele mpaka kwenye visigino. Mshono wa katikati, ule wa mama yake, hakuugusa. Aliuweka mgongoni, ushuke na uti wa mgongo. Bitana hakuweka.

"Inakwangua," nikamwambia.

"Acha ikwangue. Nijue kwamba nimeivaa."

Nilishona huku nasali. Mishono yangu ya siku zile ni mibaya, ipo mpaka leo kwenye kiwiko cha kushoto, na kila nikimwona amelivaa macho yangu yanakwenda pale pale. Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja akaniuliza kama siogopi kulala. Nikamwambia usingizi wangu hauhusiani naye, lakini alikuwa amegusa penyewe.

Siku ya kufungua kaburi ilipofika nilikwenda naye. Mimi ni wa kijiji cha jirani, nina haki ya kula wali wa watu kama mwingine yeyote. Kutoka barabarani tulipanda kwa miguu, yeye mbele, gauni linavuma kwenye nyasi kavu. Chini ya kwapa alibeba kifurushi ndani ya mkeka. Ilikuwa hariri mpya, pana, haijaguswa na mkasi, aliyoinunua kwa wafumaji wa Sandrandahy.

"Si alikukataza kuleta kitambaa?"

"Alinikataza."

"Na?"

"Na nimeleta. Wafu wapewe vipya, hilo sina ugomvi nalo. Mama yangu hatavaa kuukuu. Kuukuu ni zetu."

Ngoma tulizisikia kabla ya kuona nyumba. Zumari, tarumbeta, masufuria ya wali na nguruwe anayeogelea kwenye mafuta. Watu walikuwa wamekwisha kuchangamka. Tulipoingia uwanjani kelele ilipungua upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka wakabaki wapiga zumari peke yao, na nao wakatazamana.

"Yesu wangu, ametoka kaburini au anaingia?" mwanamke mmoja akasema.

Binamu yake mmoja, mlevi kidogo, akapaza sauti, "Dada Bakoly! Umejifunika mapema!"

"Baridi hainisubiri nife," Bakoly akajibu, na wanawake waliokuwa kwenye masufuria wakacheka, wakaziba midomo.

Bibi mmoja akamwita karibu, akaushika ukingo wa mkono wa gauni kati ya vidole viwili, akausugua. "Huyu ni Ranivo," akasema. "Hakuna mwingine aliyekaza uzi hivi." Hakusema vizuri wala vibaya. Lakini hakuuachia upesi.

Kaburi likafunguliwa. Wafu wakatolewa mmoja mmoja juu ya mikeka, mabegani, watu wanacheza nao kuzunguka, wanaitwa majina, wanaambiwa nani kaoa, nani kafaulu mtihani. Wakalazwa kwa safu. Watoto wa kila mmoja wakakaa karibu, wakawapakata wazazi wao mapajani kama desturi ilivyo, wakafungua hariri walizoleta. Baba yake Bakoly alikuwa mkeka mmoja, Ranivo mkeka wa pili. Bakoly alipopiga hatua, vijana wawili wa Ralaivao wakasimama mbele yake. Hawakumgusa. Walisimama tu, wanatazama miguu yao.

Ralaivao akapanda jiwe. Nikiri, mzee anajua kusema. Aliwasalimu wazee, akaomba radhi kwa udogo wake, akashukuru mvua, akataja mababu mmoja baada ya mwingine mpaka watu wakawa wanaitikia kila jina. Kisha akageuza sauti.

"Lakini ukoo ni mkeka," akasema. "Unyasi mmoja ukikataa kufumwa na wenzake, unachomoza, unachoma watu. Kuna mwanamke hapa anayekata hariri ya heshima, akaiuza kwa wapita njia. Leo amekuja mbele ya wazee wetu amevaa sanda. Nilimwonya. Sasa nasema mbele yenu na mbele yao waliolala: kaburi hili halimjui. Hataingia humu. Si mtoto wa humu."

Machozi yalinitoka bila idhini yangu. Nilimtazama Bakoly nikijua kwamba sasa ataanguka, mimi mwenyewe ningeanguka. Alikuwa mweupe midomoni. Akashusha pumzi.

"Umemaliza, Ba'mkubwa?"

"Nimemaliza."

"Haya. Nimesikia, nimekubali. Sasa nisaidieni kumnyanyua mama yangu."

"Kumpeleka wapi?"

"Kwao."

Mzee akapepesa macho. "Kwao wapi? Ranivo ni wa hapa. Ni mke wa ndugu yangu."

"Mke huzikwa kwa mumewe kwa ajili ya watoto. Si ndiyo mila? Asiye na mtoto anachukuliwa na watu wake, analala na mama yake. Ranivo alizaa mara moja, akanizaa mimi. Sasa hivi umewaambia wote hawa kwamba mimi si mtoto wa humu. Basi Ranivo humu hana mtoto. Hana mtoto, hana la kufanya kwenye kaburi lenu. Mnipe nimpeleke."

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema "Lo!" taratibu, kama aliyeona nyoka ndani ya sufuria. Ralaivao, mwenye kujua maneno yote, hakuwa ameliona hilo. Alikuwa anakata tawi, hakutazama amekalia wapi.

Upande wa wageni, Rafidy, kaka yake Ranivo, alikuwa anakula. Akaweka sahani chini. Akafuta mafuta mdomoni kwa kiganja, akasimama polepole, mzee mnene mwenye magoti mabovu.

"Mpwa wangu amesema sawa," akasema. "Dada yetu tuliwapa, akawazalia, tukawaachia. Kama mnasema hakuzaa, mtupe mtu wetu. Vijana, shikeni mkeka."

Na vijana wake wakasimama kweli. Walikuwa wengi, na walikuwa wameshiba.

Hapo uwanja ukavunjika. Wanawake wakaanza kupiga kelele, wazee wa ukoo wakamzonga Ralaivao kila mmoja na lake. Kutoa mifupa kaburini mbele ya wageni, ikabebwa kilimani kurudishwa ilikotoka! Nani angekuja kuposa kwao tena? Nani angekaa nao meza moja? Bibi yule aliyeshika hariri alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mimi ndiye niliyempokea huyu mtoto mikononi siku anazaliwa. Leo mnaniambia nilipokea nini, kuku?"

Ralaivao akashuka kwenye jiwe. Akamjia Bakoly karibu, na sauti ya hadhara ilikuwa imemwisha.

"Utamwacha ndugu yangu peke yake?" akasema. "Leo ndiyo walikuwa wafungwe pamoja. Miaka yote amemsubiri."

"Wewe ndiye uliyewaachanisha. Mimi nimekuja na hariri ya kuwafunga." Akainua kifurushi. "Hii hapa. Mpya. Jua linakwenda, Ba'mkubwa, na wafu hawalali nje. Nitaje mbele yao kwamba ni wa humu."

"Uweke mkasi chini, nitakutaja."

"Mkasi haumo kwenye hili. Nitaje nilivyo, au nimchukue mama yangu tuondoke."

Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Nilimwona mzee akimtazama ndugu yake pale kwenye mkeka, akamtazama Ranivo, akalitazama lile gauni kutoka kolani mpaka chini, na usoni mwake mlikuwa na hasira na pia mlikuwa na aibu. Akarudi kwenye jiwe. Hakupanda, aliliegemea.

"Bakoly binti Ranivo," akasema, "ni mtoto wa kaburi hili."

"Sikusikia," Rafidy akaita kutoka upande wake. "Masikio yangu ya kizee."

Akarudia kwa nguvu, kila neno analitema kama mwiba wa samaki. Wale vijana wawili wakasogea pembeni kabla hawajaambiwa. Bakoly akaenda akapiga magoti katikati ya mikeka miwili, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto, huku anaikunjua ile hariri mpya juu yao wote wawili. Alimwambia mama yake habari za duka, habari zangu, habari za mwanamke aliyetaka makoti kumi. Kulikuwa na kazi ya kuchana mikanda ya kufungia, ambayo huchanwa kutoka kwenye sanda yenyewe, na vidole vya wazee vilishindwa, kitambaa kilikuwa kimekazwa. Bakoly akakiuma kwa meno, akakivuta, kikachanika sawa toka mwanzo hadi mwisho. Ralaivao alikuwa ameshika upande wa pili. Walifunga pamoja bila kusemezana, yeye kichwani, mzee miguuni.

Ngoma zikarudi. Wafu wakarudishwa ndani, mlango ukafungwa, udongo ukapigwa. Ralaivao alijifuta mikono akamfuata binti wa ndugu yake pale alipokuwa anapangusa vumbi kwenye magoti ya gauni. Nilikuwepo, niliwasikia.

"Safari nyingine," akasema mzee, "usije hapa umevaa kitu hicho."

"Safari nyingine, Ba'mkubwa, huenda nikaja nimebebwa," Bakoly akamjibu. "Na nitakuwa nimekivaa hikihiki."

Akasimamisha kola, akaingia kwenye ngoma.